Kiwanja cha pembe nne kisicho mstatili, skwea mita zake zinapigwaje?

Mama Imani, Arusha

Habari za jioni wadau, naombeni msaada, Jumamosi natakiwa nikamilishe malipo na roho bado haijatulia. Nanunua kiwanja huku Moshono, sevea (mpima ardhi) hajakipima bado, tunaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, na bei tulishakubaliana elfu 20 kwa kila skwea mita. Shida ni kwamba hakijanyooka. Mbele barabarani kina mita 28, upande wa kulia 26, nyuma 17, kushoto 25. Ule wa kushoto unafuata mtaro wa maji kwahiyo unalala kuingia ndani, ukisimama pale barabarani unaona kabisa kiwanja kinabanwa kwa nyuma.

Dalali yeye alichukua mbele na nyuma akajumlisha akagawa kwa 2 akapata 22.5, akafanya hivohivo kulia na kushoto akapata 25.5, akazidisha ikaja 573.75. Anasema nitoe milioni 11 na laki 4 na 75 elfu. Nikampigia mjomba wangu ambae ni mtu makini sana na hela, yeye akasema jumlisha pande zote ni 96, gawa kwa 4 ni 24, kwahiyo ni sawa na kiwanja cha 24 kwa 24 yani 576. Sasa nimeona majibu mawili ya watu wawili ambao hawajuani yanakaribiana hivo nikasema basi ndo yenyewe, ila usiku nikilala naona kama kile kiwanja hakifikii hapo. Kuna kiwanja cha jirani cha 24 kwa 24 kimejengwa ukuta, kwa macho yangu ni kikubwa kuliko hiki.

Hii hela ni ya kikoba na ya kuuza ng'ombe wawili, naombeni mnielekeze kabla sijaitoa.

Kijana wa Ngaramtoni

Dada mbona dalali yuko sawa, sisi huku mashamba yote tunapima hivo tangu enzi za babu. Upande unaotazamana na mwenzake unatafuta wastani, afu unazidisha. Kama ingekuwa mstatili ungezidisha moja kwa moja, sasa sio mstatili ndo maana unatafuta wastani. Lipa tu.

Fundi wa Majengo, Moshi

Ngoja kwanza dada usilipe.

Chukua kiberiti hapo jikoni kwako, toa ile droo yenye njiti ubaki na ganda la nje peke yake. Liangalie kwa ubavuni kule lilikotoboka, ni mstatili una pande nne. Sasa libonyeze kwa kidole taratibu kwenye kona moja. Linalala. Endelea kubonyeza mpaka lilale kabisa chapati juu ya meza. Pande zote nne bado ziko vilevile, hakuna hata moja iliyopungua milimita, lakini ile nafasi ya ndani imeisha. Mwanzo njiti zilikuwa zinaingia, sa hivi hata karatasi haipiti vizuri.

Kwahiyo mtu akikupa pande nne peke yake hajakupa eneo. Viwanja vingi tofauti vinaweza kuwa na 28, 26, 17, 25 hizohizo na kila kimoja kikawa na ukubwa wake. Hesabu ya dalali na ya mjomba zote zimechukulia kona zimesimama skwea, ndo maana zikakaribiana, wote wawili wamekosea sehemu moja.

Kinachokosekana ni kipimo cha tano. Rudi site na tepu ya mita 50, pima kona kwa kona, toka kona ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, halafu na ile nyingine. Sisi hata tukiseti msingi wa nyumba hatuangalii pande tu, tunapima kona kwa kona zote mbili, zikilingana ndo tunajua chumba kimekaa skwea, zikitofautiana hata sentimita 3 tunarudi kwenye kamba. Chako wewe nakuhakikishia zitatofautiana mbali sana.

Ukishapata ule wa katikati kiwanja kinageuka kuwa pembetatu mbili, na pembetatu ukijua pande zake tatu haina tena ujanja wa kulala, imefunga. Ndo maana kenchi za paa ni pembetatu.

Mwalimu wa Hisabati

Fundi umeeleza vizuri sana, mfano wa kiberiti nitauchukua darasani.

Niongezee kwa Mama Imani na yule kijana wa Ngaramtoni, maana hili jambo la wastani linaumiza watu wengi na naomba lieleweke vizuri. Njia ya dalali haikosei mara juu mara chini, inakosea upande mmoja tu siku zote, inaongeza. Sababu yake nyepesi hii hapa. Chukua kona yoyote ya kiwanja, pande mbili zinazokutana pale zinatengeneza pembetatu, na eneo la hiyo pembetatu haliwezi kuzidi nusu ya upande mara upande, linafika nusu kamili pale tu kona ikiwa nyuzi 90. Fanya hivo kona zote nne ujumlishe, utakuwa umekihesabu kiwanja kizima mara mbili. Ukiipanga hesabu vizuri inakuja hivi: eneo haliwezi kuzidi wastani wa pande hizi mbili mara wastani wa zile mbili. Linalingana nao kwenye mstatili peke yake. Kona ikipinda tu, wastani unamlipisha mnunuzi ardhi ambayo haipo.

Na hii njia ni ya zamani sana kuliko babu zetu. Kule Misri kwenye hekalu la Horus pale Edfu, ukutani kumechongwa orodha ya mashamba ya hekalu, yaliandikwa zama za watawala wa Ptolemayo, na maeneo yamepigwa kwa wastani huohuo wa pande zinazotazamana. Hata shamba la pembetatu walilipiga vilevile, upande wa nne wakauhesabu sifuri.

Aliyeliweka wazi ni Brahmagupta, mwanahisabati wa India, mwaka 628. Aliweka njia zote mbili pamoja, ile ya wastani akasema ni ya kukadiria, halafu akatoa nyingine akasema ndiyo sahihi: jumlisha pande nne ugawe kwa 2, toa kila upande kutoka kwenye hiyo nusu, zidisha yale majibu manne, tafuta kipeuo cha pili. Siku hizi tunajua inakuwa sahihi kamili kwa pembenne ambazo kona zake nne zote zinakaa juu ya duara moja. Kwa nyingine zote inakupa kikomo, yani ukubwa wa mwisho kabisa ambao pande hizo zinaweza kubeba.

Sasa tumpigie mama. Jumla 96, nusu 48. Toa 28 inabaki 20, toa 26 inabaki 22, toa 17 inabaki 31, toa 25 inabaki 23. Zidisha 20 × 22 × 31 × 23 ni 313,720. Kipeuo chake ni 560 na kidogo.

Maana yake hata kabla hujaenda kupima kona kwa kona, hakuna kiwanja chochote duniani chenye pande hizo nne kinachofika 573. Hakipo. Kikomo ni 560. Dalali keshakuzidishia skwea mita 13 kwa uchache, hiyo ni laki 2 na nusu na zaidi, na chako kinavyoonekana kimelala naamini tofauti ni kubwa zaidi ya hapo. Kapime.

Kijana wa Ngaramtoni

Duh. Nimejaribu ganda la kiberiti kweli limelala, pande zilezile. Dada samahani nilikwambia ulipe, sikujua kabisa hili jambo. Sasa mwalimu hapa nimechanganyikiwa kidogo, shuleni tulifundishwa trapeza, jumlisha pande mbili gawa kwa mbili zidisha. Si ndo wastani huohuo? Kwanini trapeza iwe sahihi na hii ikosee?

Mwalimu wa Hisabati

Swali zuri mno. Kwenye trapeza unatafuta wastani wa pande mbili zilizo sambamba, halafu unazidisha kwa kimo, na kimo ni umbali wa kunyooka kati ya hizo mbili, sio ule upande uliolala. Mfano mbele 24, nyuma 18, ziko sambamba, na ukitandika tepu skwea toka mbele mpaka nyuma ni 30. Wastani 21 mara 30 ni 630, hiyo ni sahihi kabisa. Ila mtu akichukua ule ubavu uliolala wenye mita 32 akauita kimo anapata 672. Kosa la dalali liko hapohapo, kachukua mbavu zilizolala akazifanya vimo. Msambamba nao ni vilevile, kitako mara kimo, sio upande mara upande. Watoto wengi wanakosea hapa kwenye mtihani maana kwenye mchoro ule upande uliolala ndo umeandikwa namba kubwa unaonekana, kimo kimechorwa kwa vidotidoti.

Kiwanja cha Mama Imani sio trapeza mpaka tuhakikishe mbele na nyuma ziko sambamba, na kwa macho huwezi kujua, kwahiyo pembetatu mbili ndo njia ya uhakika.

Kibosho Juu

Wakuu mi nimesoma hapa nimekumbuka yaliyotukuta nyumbani nikaona niandike. Baba alipofariki tuligawana kihamba, yani shamba la ukoo, ndugu wanne, huku kwetu mpaka ni masale, ile mimea inayopandwa mpakani, basi ukifika unaona masale yamepanda na mlima yanapinda yanafuata mfongo (mfereji wa maji), hakuna mstari ulionyooka hata mmoja. Aliyekuja kutupimia alipima kwa wastani hivohivo na tena tepu akailaza chini ikafuata mteremko. Kaka yangu alipewa kipande cha juu kule kunapoteremka sana kwenda mtoni, mimi cha chini penye tambarare karibu na njia. Kwenye karatasi tulikuwa sawasawa. Miaka imepita kaka anajenga anagundua kipande chake ni kidogo kuliko changu, akaamini nilipanga na mpimaji. Hatukuzungumza miaka mitatu. Mitatu mangi, tunapishana kanisani kila Jumapili. Nilivyokuja kuelewa nilimkatia migomba mistari miwili ya upande wangu, tukahamisha masale mbele ya wazee.

Kwahiyo dada kama kiwanja chako kina mteremko naomba uzingatie. Ardhi inahesabiwa kama unaitazama toka juu, sio kama kitambaa kilichotandikwa mlimani. Tepu ikilala kwenye mteremko wa nyuzi 15, mita 30 zake ni mita 29 tu za kweli. Kwenye nyuzi 20 inakuwa 28.2. Na huku kwetu nyuzi 20 ni kawaida. Fanya hivi, vuta tepu vipande vifupi vifupi vya mita 5, aliye upande wa chini anainua mpaka tepu ikae usawa, fundi anaweka pimamaji, afu anashusha timazi toka kwenye tepu mpaka chini anaweka alama, mnaendelea toka hapo. Inachosha ila ndo yenyewe.

Na hii ya hatua 70 kwa 70 kuwa ni ekari moja nayo jamani tuielewe, maana nayo inauza watu.

Fundi wa Majengo, Moshi

Pole sana Kibosho, na hongera kwa kurudisha.

Hiyo ya 70 kwa 70 mi nadhani watu walisahau ilikotoka. Ekari ni yadi za mraba 4,840. Hatua ndefu ya mtu mzima ni kama yadi moja, sentimita 91, basi 70 kwa 70 ni yadi 4,900, karibu sana na ekari, wazee hawakukosea. Shida imekuja pale watu walipoacha hatua wakashika tepu ya mita wakabaki na 70 ileile. Mita 70 kwa 70 ni skwea mita 4,900 na ekari ni 4,047 tu, kwahiyo hapo ni ekari moja na robo kasoro kidogo. Kwa mita ekari ni kama 63.6 kwa 63.6. Na mtu mfupi mwenye hatua za sentimita 75 akipiga 70 kwa 70 anapata skwea mita 2,756, hiyo ni theluthi mbili ya ekari tu. Muuzaji akikwambia hatua, muulize hatua za nani.

Dada wa Sakina

Mama Imani si upakue tu zile programu za simu za kupimia shamba? Unazunguka nalo linakuletea eneo lenyewe. Mimi nilipimia shamba la mahindi la shemeji kule Mbuguni likatoa vizuri tu.

Sevea, Arusha mjini

Kwa shamba kubwa inakusaidia kupata picha. Kwa kiwanja kama hiki hapana. GPS ya simu penye uwazi, anga safi, inaweza kukosea kama mita 5 hivi, na karibu na miti au ukuta inazidi. Ukubali hata mita 2 tu, upande wa mbele wenye mita 28 ukisogea mita 2 kwenye ramani ya simu, umeongeza au umepunguza skwea mita 56. Kwa bei ya elfu 20 ni zaidi ya milioni. Kwenye shamba la ekari kumi hizo 56 hazionekani, kwenye kiwanja ndo kila kitu.

Fuata ushauri wa fundi, tepu ya chuma au ya faiba isiyovutika, sio kamba ya katani, ikilowa inabadilika urefu. Pima mara mbili kila upande, mkiwa watu watatu, wawili wanashika ncha na wa tatu anaangalia tepu isiguse majani wala isipinde katikati.

Mama Imani, Arusha

Nimerudi jamani, nimetoka site sa hivi, viatu vimejaa matope mtaro ulikuwa na maji. Tumeenda mimi, mdogo wangu na mwenyekiti wa mtaa mwenyewe alikubali kushika tepu. Kiwanja ni tambarare, hakuna mteremko wa maana. Pande zimetoka zilezile 28, 26, 17, 25. Kona kwa kona, toka mbele kushoto mpaka nyuma kulia ni mita 39 kamili, tumerudia mara tatu. Toka mbele kulia mpaka nyuma kushoto ni 26.4.

Niliposoma ile 39 na ile 26.4 nikaishiwa nguvu, fundi alisema zikilingana ndo skwea. Hizi zimepishana mita 12 na zaidi. Sasa nafanyaje hesabu, mi darasani niliishia kidato cha nne na hesabu haikuwa rafiki yangu.

Fundi wa Majengo, Moshi

Safi sana umefanya kazi nzuri. Tuende pole pole, shika kalkuleta ya simu, igeuze ilale ile ya √ itokee.

Pembetatu ya kwanza ni mbele, kulia na ule wa katikati: 28, 26, 39. Jumlisha ni 93, nusu yake 46.5. Hiyo 46.5 iandike pembeni. Toa 28 unabaki na 18.5, toa 26 unabaki na 20.5, toa 39 unabaki na 7.5. Sasa zidisha zote nne, 46.5 × 18.5 × 20.5 × 7.5, itakuja kama 132,263. Bonyeza √, ni 363.7.

Pembetatu ya pili ni nyuma, kushoto na uleule wa katikati: 17, 25, 39. Jumla 81, nusu 40.5. Ukitoa unapata 23.5, 15.5 na 1.5. Zidisha 40.5 × 23.5 × 15.5 × 1.5 ni kama 22,128, kipeuo 148.8.

Jumlisha, 512 na nusu hivi.

Usiishie hapo, rudia kwa ule mwingine wa 26.4 ambao unakata kiwanja kwa pembetatu nyingine mbili. Ya 28, 25, 26.4 inatoa 301.4. Ya 26, 17, 26.4 inatoa 210.6. Jumla 512. Majibu mawili yamekutana kwa njia mbili tofauti, na hapa sio kama ile ya dalali na mjomba, maana kila njia imetumia kipimo ambacho mwenzake hakukigusa. Ungekuwa umekosea kushika tepu mahali yangepishana.

Skwea mita 512 mara elfu 20 ni milioni 10 na laki 2 na 40 elfu. Dalali alikuwa anataka milioni 1 na laki 2 na 35 elfu za juu.

Mwalimu wa Hisabati

Nimezirudia hesabu zote, ziko sawa. Hiyo njia ya nusu na kutoa ni ya Heroni wa Aleksandria, karne ya kwanza, mtu wa Misri tena, kwahiyo Misri hiyohiyo ndo imetupa kosa na dawa yake.

Kitu kimoja mama ukipima tena siku nyingine. Ile pembetatu ya 17, 25 na 39 imebanwa sana, maana 17 na 25 jumla ni 42, karibu ilale chapati. Pembetatu nyembamba ina hatari, tepu ikipinda ukasoma 39.3 badala ya 39 jibu lako linashuka kama skwea mita 6 na nusu. Kwenye ule mfupi wa 26.4 ukikosea sentimita 30 hizohizo tofauti ni kama 3 na nusu. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, kata kiwanja kwa ile kona kwa kona iliyo fupi, pembetatu zinakuwa nene na kosa linapungua.

Sevea, Arusha mjini

Nimefurahi kuona vipimo vimefunga. Niwaonyeshe na sisi tunavyopiga, maana siku ukiweka bikoni utakuta karatasi ina namba za E (kwenda mashariki) na N (kwenda kaskazini) ukadhani ni kitu kingine. Tuseme kona ya mbele kushoto ni 0,0 na mbele kulia ni 28,0. Kwa vipimo vyako nyuma kulia inakaa kwenye 29.1, 26.0 na nyuma kushoto kwenye 12.7, 21.5. Unazunguka kiwanja kona baada ya kona, kila kona E yake unazidisha na N ya kona inayofuata, unatoa E ya inayofuata mara N yake. Hapa: 28 × 26 ni 728, halafu 29.1 × 21.5 kutoa 12.7 × 26 ni 295.45, zile mbili zinazogusa sifuri hazina kitu. Jumla 1,023.45, nusu yake 511.7. Ni ileile 512, hizo pointi ni kwasababu nimekata namba.

Uzuri wake ni kwamba kiwanja kikiwa na kona tano, saba, kumi, hesabu haibadiliki, unazunguka tu mpaka unarudi ulipoanzia.

Na angalia zile namba utaona kiwanja chako kilivyo: ubavu wa kulia umesimama karibu skwea na barabara, 28 kwenda 29.1 tu, lakini wa kushoto umeingia ndani mita 12.7 kufuata huo mtaro. Hapo ndo skwea mita zako zilipoliwa. Na kabla hujaweka msingi ulizia halmashauri unatakiwa uache umbali gani toka kwenye mtaro, usije ukajenga ukuta ukaambiwa uvunje.

Mama Imani, Arusha

Wapendwa nimelipa leo mchana, milioni 10 na laki 2 na 40 elfu, kwa mwenyekiti, mbele ya mashahidi wanne. Nilienda na ganda la kiberiti kwenye pochi. Dalali alianza kubisha akasema yeye ana miaka kumi na tano kwenye hii kazi, nikampa lile ganda nikamwambia pima pande zake, sasa libonyeze, pima tena. Alilishika muda mrefu. Mwenye kiwanja mwenyewe, mzee mmoja mtulivu sana, akasema mimi nilitaka haki yangu tu, kama ni 512 ni 512, andikeni. Kwenye karatasi ya mauziano tumechora kiwanja, tumeandika pande nne na kona kwa kona zote mbili, mwenyekiti akasema kuanzia sasa kila mauziano ya mtaa wake yataandikwa hivo.

Mjomba nae nimempigia nikamweleza, akakaa kimya kidogo akasema ile ya kugawa kwa 4 ameitumia kununua mashamba mawili. Wiki ijayo anaenda kupima upya.

Mungu awabariki sana, sijui niseme nini. Hiyo milioni na laki mbili ndo tofali za msingi.

Kijana wa Ngaramtoni

Hongera dada. Na mimi nina langu, samahani kama nachelewesha uzi. Sisi shamba la nyumbani lina pembe nne ila kona moja imeingia ndani kama mdomo wa mshale, kuna mti wa mruka pale wazee walikataa usikatwe. Nikipima kona kwa kona tepu moja inapita nje ya shamba kwa jirani. Hapo nakata vipi?

Fundi wa Majengo, Moshi

Anzia kwenye mti. Toka pale mrukani vuta tepu mpaka kona inayotazamana nayo, hiyo inapita ndani ya shamba lote, unapata pembetatu mbili unajumlisha kama kawaida. Ile inayopita kwa jirani nayo ipime ya kuhakiki, ila hiyo unapiga pembetatu kubwa ya nje halafu unatoa ile ndogo ya jirani. Zikikutana umemaliza. Zisipokutana leta vipimo hapa tuviangalie, na chora hata kwa mkono mti uko upande gani.